Kiarabu cha Mwaisha

Kila asubuhi Mwaisha aliamka ukungu ungali umekaa juu ya milima ya Uluguru. Alifagia uwanja, akateka maji mtoni, kisha akamsaidia mama yake, Mwanaheri, kuipua vitumbua vya kwanza. Kaka yake Salehe, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alipasua kuni. Wakimaliza, kila mmoja alishika njia yake: Salehe alikwenda shule ya serikali nyuma ya boma la Wajerumani, na Mwaisha alikwenda chuoni kusoma Kurani kwa Maalim Mwinjuma, pale pale Mwembesongo. Baba yao alikufa wakati reli inajengwa, na hao watatu ndio waliobaki nyumbani.

Chuo chenyewe kilikuwa baraza ya nyumba ya Maalim. Watoto walikaa juu ya mikeka, kila mmoja na ubao wake au msahafu wake, wakasoma wote kwa wakati mmoja na kwa sauti kubwa, kila mtu mahali alipofika. Mgeni angedhani ni zogo tu. Lakini Maalim alikaa mlangoni akishona kofia, na mtoto akikosea herufi moja katikati ya makelele yale, aliinua henzirani yake, fimbo ndefu, na kumgonga kichwani. Mwaisha hakugongwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, na alisoma Kurani kuwapita watoto wote wa mji, kwa sauti iliyowafanya wapita njia wasimame.

Na hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Morogoro ya siku zile, miaka michache kabla ya Vita vya Wazungu, ilikuwa na watu wengi waliosoma Kiarabu na wachache mno waliokijua. Mtoto alifundishwa kusoma, akasoma mpaka akahitimu, akapikiwa pilau ya kuhitimu, bila mtu kumweleza maana ya hata mstari mmoja. Ndivyo ilivyokuwa chuoni, na hakuna aliyeona ajabu. Lakini watu wa mtaani waliposikia binti anasoma vile, walisema, "Yule anajua Kiarabu." Mwaisha aliwasikia na hakuwasahihisha.

Kwanza alinyamaza tu. Kisha mama mmoja jirani akamwuliza maana ya aya aliyoisoma, naye, badala ya kusema hajui, akajibu, "Inasema tuwaheshimu wazazi." Yule mama alitokwa na machozi, akampa papai. Tangu siku hiyo ikawa mazoea. Kila aliyeuliza alipewa maana, ama ya wazazi, ama ya moto, ama ya subira, na wote waliondoka wameridhika. Nani angembishia?

Siku moja Chausiku, msichana wa rika lake aliyekaa naye mkeka mmoja, alimwuliza, "Hapo uliposoma sasa hivi, maana yake nini?" Chausiku alikuwa bado kwenye sura fupi, na kila herufi aliitoa kwa taabu.

"Wewe maliza alifu kwanza," Mwaisha alimjibu kwa sauti ili wote wasikie. "Ukiambiwa maana, hicho kichwa kitapasuka bure."

Watoto wakacheka. Chausiku akainamia ubao wake. Huyo ndiye Mwaisha, na msifanye haraka kumwonea huruma.

Katika shule ya serikali, mwalimu wa Salehe aliitwa Yakobo. Alilelewa Unguja na wamisheni wa Kiingereza. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye viatu vya kung'aa, na kiboko chake alikitundika ukutani mahali ambapo kila mwanafunzi angekiona. Kiingereza alikijua vizuri, Kijerumani kidogo. Kiarabu hakukijua kabisa, na hakutaka ijulikane.

Wiki ile zilikuja habari kwamba Mkaguzi wa shule, Mjerumani, anakuja kwa gari moshi kutoka Dar es Salaam. Mkaguzi huyo alikuwa amesoma Kiarabu huko Misri, na ilisemekana anapenda shule zinazokitumia kuwafundishia watoto waliotoka chuoni. Tena angechagua mwanafunzi mmoja wa kwenda kusoma katika shule kubwa ya Dar es Salaam. Kila mtu alijua mwanafunzi huyo ni Salehe, kwa kuwa hakuna aliyemkaribia kwa hesabu wala kwa kuandika.

Mwalimu Yakobo aliupaka chokaa ukuta mzima wa darasa. Juu yake akaandika majina ya aina za maneno, upande mmoja kwa Kiswahili, upande wa pili kwa Kiarabu. Majina hayo aliyatoa katika kitabu chake cha sarufi ya Kiingereza, na karani mmoja wa pwani alikuwa akimfasiria na kumwandikia kwa Kiarabu. Karani akahamishiwa Kilosa kabla ya kufika mwisho. Likabaki neno moja, ambalo Waingereza huliita conjunction. Ni lile neno linalounganisha maneno mengine, kama "na" tunaposema "baba na mama". Waarabu huliitaje? Mwalimu Yakobo hakujua, na mahali pake ukutani palikuwa wazi kama pengo la jino.

Maalim Mwinjuma angemwambia mara moja, maana alikuwa mmoja wa wale wachache waliokijua Kiarabu. Lakini Mwalimu Yakobo alikuwa amezoea kuwaambia wanafunzi wake kwamba mzee yule ni mshona kofia tu. Sasa angebishaje hodi kwake?

"Nani kati yenu ana mtu nyumbani anayejua Kiarabu?" aliuliza siku ya Alhamisi. "Nalitaka neno hili kesho asubuhi. Mkaguzi anafika Jumamosi."

Salehe alisimama. "Mimi, Mwalimu. Mdogo wangu Mwaisha anakijua."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Mwalimu. Mji mzima unajua."

"Haya. Lakini likija neno ambalo silo, Salehe, mgongo ni wako."

Salehe aliketi akitabasamu. Alijivunia mdogo wake, maskini, na hakuona sababu ya kuogopa.

Alimkuta Mwaisha nyumbani akichagua mchele. Alimweleza yote: ukuta, Mkaguzi, lile neno la kuunganisha, na kiboko. Mwaisha aliendelea kuchagua mchele bila kuinua uso.

"Kwa nini Mwalimu wako asimwulize Maalim?" alisema.

"Hataki. Na mimi nimeshasema wewe unajua. Nimesema mbele ya darasa zima, Mwaisha. Nisipolipeleka nitaonekana mpuuzi, na jina langu ndilo linalongojwa Dar es Salaam."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Neno "sijui" ni jepesi, hata mtoto anayejifunza kusema hulitamka. Mwaisha alimtazama kaka yake, akaona jinsi anavyomwamini, akaona haya.

"Ngoja nimalize mchele," alisema. "Nitakwambia."

Alipoumaliza aliondoka mbiombio kwenda kwa Maalim. Chuo kilikuwa kimefungwa, maana kwa desturi hakuna kusoma tangu Alhamisi mchana mpaka Jumamosi. Barazani alimkuta Chausiku akimsaidia mke wa Maalim kumenya mihogo.

"Umefuata nini, na leo chuo hakuna?" Chausiku aliuliza.

"Nataka kumwuliza Maalim jambo."

"Wewe? Kuna jambo usilolijua wewe?" Chausiku alicheka kidogo. "Yumo ndani. Nimwite?"

Kama angekuwa mtu mwingine, Mwaisha angesema ndiyo. Lakini kuuliza mbele ya Chausiku, ambaye yeye mwenyewe alimdhihaki juzi mbele ya watoto wote! "Usimwite," alijibu. "Si kitu."

Njiani alipekua kichwa chake. Kilijaa maneno ya Kiarabu, mengi kuliko ya mtu yeyote wa umri wake, na hakuna hata moja ambalo alijua maana yake. Wiki ile alikuwa amesoma aya yenye neno zito, lililojaa mdomo vizuri: al-kummala. Lilisikika kama neno la wasomi. Akaona litafaa.

Salehe alipoambiwa, alilirudia mara nyingi ili asilisahau. "Ndilo kweli? Mwalimu amesema likikosewa atanichapa."

"Nani anayejua Kiarabu, wewe au mimi?" Mwaisha alimjibu kwa ukali.

Salehe hakuuliza tena. Kesho yake Salehe aliliandika ukutani kwa herufi kubwa za Kiarabu, zile zile ambazo watu walizoea kuandikia Kiswahili, na Mwalimu Yakobo akamsifu.

Jumamosi wazazi waliitwa shuleni, wakasimama nje kwenye madirisha. Mwanaheri alivaa kanga yake mpya, na Mwaisha alisimama ubavuni kwake. Wanawake walimpisha apate kuona, kwa kuwa kila mmoja alimheshimu kama mtoto anayejua Kiarabu.

Mkaguzi alikuwa mtu mrefu mwenye shingo nyekundu. Alitembea polepole mbele ya ukuta, akisoma Kiarabu kwa sauti. "Sawa," alisema. "Sawa. Vizuri sana." Mwalimu Yakobo alimfuata nyuma akitabasamu. Mkaguzi akafika kwenye neno la mwisho, akasimama. Akavaa miwani. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mwalimu," alisema kwa Kiswahili chake, "unajua hili ni nini?"

"Ni neno la kuunganisha, Bwana."

"Hili ni chawa! Chawa, wadudu wa kichwani! Shule ya Morogoro inaunganisha maneno kwa chawa!"

Wanafunzi walijizuia. Mkaguzi alipocheka tena, wakaona ruhusa imetoka, wakacheka nao. Dirishani wazazi wakacheka. Salehe peke yake alisimama kama mti, akilitazama lile neno.

Mwalimu Yakobo angeweza kusema, "Kosa ni langu, Bwana, Kiarabu sikijui." Maneno hayo yangempa aibu ya siku moja. Lakini alikuwa mwoga aliyevaa viatu vizuri. Akamnyooshea kidole Salehe.

"Mtoto huyu amenidanganya, Bwana. Aliapa analijua."

"Sikudanganya, Mwalimu!" Salehe alisema. "Nilipewa na mdogo wangu. Yule pale dirishani."

Watu wote wakageuka. Mkaguzi akasogea karibu. "Wewe, binti. Ulimpa neno hili?"

Kiboko kilikuwa kimeshatoka ukutani na kuingia mkononi mwa Mwalimu Yakobo. Mwaisha alikitazama. Akamtazama mama yake, akawatazama wale wanawake waliompa mapapai na sifa.

"Hapana, Bwana," alisema. "Mimi sikumpa neno lolote."

Salehe alimkodolea macho.

Kicheko cha Mkaguzi kikaisha. Neno lililokosewa lilimchekesha, lakini uongo alisema hauvumilii. "Mwongo haendi Dar es Salaam," alisema. "Nitachagua mwingine. Mpe haki yake." Kisha akaingia ofisini kunywa chai.

Siku zile adhabu ya serikali ilikuwa na jina lake, hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, na watu wazima waliopewa adhabu hiyo wengine walizimia. Salehe alikuwa mtoto. Hilo halikumsaidia, kwa maana Mwalimu Yakobo alikuwa na aibu ya kuosha, na aliiosha juu ya mgongo wa yule mtoto. Salehe alilazwa kifudifudi mchangani. Wanafunzi wawili waliamriwa kumshika mikono na miguu, na mmoja wao alikuwa Benedikto, rafiki aliyekaa naye dawati moja. Benedikto alilia huku ameishikilia miguu ya mwenzake.

Salehe hakulia mwanzoni. Aligeuza uso upande waliosimama wazazi, akamkazia macho Mwaisha. Fimbo zilishuka, shati likararuka, damu ikaonekana. Mwaisha aliona yote. Angeweza kusema neno moja wakati wowote, na watu wote wangelisikia. Hakusema. Baadaye Salehe akafumba macho na kuanza kupiga kelele, kama ambavyo mtu yeyote angepiga.

Nyumbani Mwanaheri alimlaza mkekani, akamwosha mgongo kwa maji ya moto yenye chumvi. Alimsugua kwa hasira.

"Umeniaibisha mbele ya mji," alisema. "Kukosea umekosea. Lakini kumsingizia mdogo wako! Mtoto wa Kurani! Ulifikiri nani atakuamini?"

Salehe aliuma mkeka. Mwaisha alileta maji mengine huku machozi yakimtiririka. Mama yake akamshika bega. "Usilie, mwanangu. Wewe huna kosa."

Maneno hayo yalimchoma Mwaisha kuliko tusi, lakini hata hayo hayakumfungua mdomo. Nje wavulana wa mtaani walikuwa wakipita. "Hodi, Chawa!" walipiga kelele. "Chawa, hujambo? Mgongo unawasha?" Kabla ya magharibi Mwembesongo yote ilikuwa imelijua jina jipya la Salehe.

Asubuhi iliyofuata, chuoni, hapakuwa na mazungumzo mengine. Chausiku alimsimulia Maalim kisa chote, maana Maalim hakukanyaga shule ya serikali.

"Neno gani lililoandikwa?" Maalim aliuliza.

"Al-kummala, Maalim."

Maalim aliacha kushona. Akaiweka kofia chini, na sindano akaichomeka juu yake.

"Neno hilo limo mahali pamoja tu katika Kurani," alisema. "Na katika chuo hiki ni mtoto mmoja aliyefika hapo. Amefika wiki hii. Mwaisha, soma hapo."

Mwaisha alisoma. Sauti yake, ile iliyowasimamisha wapita njia, ilikuwa nyembamba.

"Maana yake nini?"

Mazoea yalimtangulia akili. "Inasema... tuwe na subira, Maalim."

"Inataja nzige, na chawa, na vyura, na damu," alisema Maalim. "Ni mateso waliyoletewa watu wa Firauni. Subira haimo."

Kisha mtoto mmoja akasema, "Kumbe hajui!" na wote wakaangua kicheko. Wote aliowahi kuwadharau walikuwa pale, na walicheka mpaka wakagaagaa kwenye mikeka. Chausiku alicheka kuliko wote, na nani atamlaumu?

Maalim aliinua henzirani, wakanyamaza. Hakumchapa Mwaisha.

"Mimi nilikufundisha kusoma. Lugha yenyewe sikukufundisha," alisema. "Kwamba hujui maana si kosa lako, ni langu zaidi. Watu walipokusifu kwa kitu usichokuwa nacho, nami nilinyamaza kwa kuwa sifa zile zilinifikia na mimi. Lakini kaka yako amechanwa mgongo, na jina lake limetolewa. Gari moshi la Mkaguzi linaondoka leo alasiri. Nenda kamwambie mama yako kwa mdomo wako mwenyewe. Mimi naja nyuma yako."

Mwaisha alimkuta mama yake akikoroga unga wa vitumbua. Alisimama mbele yake, akasema yote bila kupumzika: kwamba Kiarabu hakijui, kwamba neno lilikuwa lake, kwamba alikana mbele ya Mkaguzi.

Alingoja kofi. Halikuja. Mwanaheri aliketi chini, akaitazama mikono yake iliyojaa unga.

"Nilimsugua kwa nguvu," alisema. "Alikuwa anasema kweli, nami nikamsugua kwa nguvu." Akainuka, akaingia ndani alikolala Salehe, akakaa huko kitambo. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. "Mbele," alimwambia Mwaisha. "Twende."

Maalim aliwakuta njiani, wakafuatana. Shuleni, Mkaguzi alikuwa barazani na Mwalimu Yakobo, na wapagazi walikuwa wakifunga masanduku yake.

"Shikamoo, Bwana. Shikamoo, Mwalimu," alisema Mwaisha. "Neno lile nilimpa mimi. Mimi sijui Kiarabu, najua kusoma tu. Jana niliposema sikumpa, nilisema uongo. Kaka yangu alisema kweli."

"Mambo haya yamekwisha, mama," Mwalimu Yakobo alimwambia Mwanaheri upesi. "Bwana ana safari."

"Yamekwisha kwako, Mwalimu," alisema Maalim Mwinjuma. "Ulikuwa unatafuta harfu-l-atfi. Ndilo jina lake. Unapita mbele ya nyumba yangu asubuhi na jioni. Ungesimama ukauliza, mtoto huyu angekuwa na mgongo mzima."

Mwalimu Yakobo alitazama viatu vyake. Mkaguzi akamgeukia.

"Wewe mwenyewe hujui Kiarabu?"

"Hapana, Bwana."

Mkaguzi alicheka tena, ingawa si kwa muda mrefu kama jana. Ilionekana amepata kisa kizuri cha kuwasimulia wenzake mezani. Kisha akasema kwamba mvulana ataondoka naye leo leo, na kwamba Mwalimu alipake chokaa lile neno la chawa kwa mkono wake kabla jua halijatua.

"Ahsante, Bwana," alisema Mwanaheri. "Na mgongo wake?"

Mkaguzi alikuwa akivaa kofia. "Zile fimbo aziweke akiba," alisema. "Akifanya kosa huko Dar es Salaam, tutasema ameshalipa." Akacheka peke yake. Hakuna aliyechapwa kwa ajili ya zile fimbo za bure, Mwalimu wala Mwaisha. Walimu hawakuwa wakichapwa, na Mwaisha alikuwa mtoto wa kike.

Stesheni ilijaa watu, kama kawaida ya siku ya gari moshi. Salehe alikuja amevaa shati safi ambalo lilikuwa limeshaganda mgongoni. Alitembea taratibu, kama mzee. Benedikto alimbebea kifurushi chake, akamwomba msamaha, na Salehe akampa mkono.

Mwaisha alimletea vitumbua alivyovifunga kwa jani la mgomba. Salehe hakuvipokea. Mwanaheri akavichukua mikononi mwa binti yake, akampa Salehe, na kutoka kwa mama yake akavipokea.

"Kaka, nisamehe," alisema Mwaisha.

Salehe alimtazama kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Nilikuwa nakutazama wewe tu," alisema. "Kila fimbo iliposhuka nilijiambia, sasa atasema. Nikangoja. Ikashuka nyingine, nikajiambia, sasa atasema. Mpaka nikaacha kukungoja."

Akapanda. Behewani mlikuwa na nafasi kwenye mabenchi, lakini hakuweza kuegemea wala kukaa vizuri, akasimama ameshika nguzo ya dirisha. Wavulana wawili watatu waliokuwa wakizurura stesheni walimtambua. "Kwaheri, Chawa!" wakapiga kelele. Gari moshi likalia, likaondoka kuelekea Ngerengere, naye alikuwa bado amesimama.

Mwanaheri na Mwaisha walirudi kwa miguu. Watu waliwatazama. Mama mmoja, yule yule wa papai, aligeuza uso alipowaona.

"Nisikilize," Mwanaheri alisema hatimaye. "Mimi sijui hata alifu. Maalim hajui Kijerumani. Mwalimu Yakobo hajui Kiarabu. Hakuna mtu aliyewahi kufa kwa kutojua. Kaka yako hakuchapwa kwa kuwa wewe hujui. Amechapwa kwa kuwa ulitaka watu waseme unajua. Na Mwalimu wake alitaka hivyo hivyo. Wawili mlitaka sifa, aliyelipa ni mtu wa tatu."

"Ndiyo, Mama."

"Na lile la dirishani ni baya zaidi. Kukosea neno ni kukosea. Uliposimama pale ukaona anapigwa, ukanyamaza, kila fimbo ilikuwa yako. Nami nina sehemu yangu, maana nilikupamba kwa watu na nikaamini mapambo yangu mwenyewe. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema hujui. Ukikosa, sema siku ile ile. Ukichelewa, kuna mtu atakulipia."

Mwaisha alilia njia nzima. Walipokaribia nyumbani alifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Mama, Kaka atanisamehe?"

Mwanaheri alifikiri kwanza, kama mtu anayetaka kusema kweli.

"Sijui," alisema, akasukuma mlango, wakaingia ndani.